Nafasi Moja Kiwandani

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mgongo umeacha kukusumbua, na shemeji na watoto hawajambo. Mimi nipo. Nakula, nalala, naamka. Miguu ni ile ile, ila magongo nimebadilishiwa mipira ya chini, sitelezi tena.

Nimepata kazi, dada. Najua hapo umepiga kigelegele, majirani wakachungulia. Ni mwezi wa pili sasa, kiwanda cha kushona sare. Mshauri wa ajira wa kituo chetu cha ufundi aliwaomba waniwekee swichi ya mkono badala ya kanyagio, nao wakakubali. Nashona kola, kola tu, kutwa nzima. Msimamizi anasema sina makosa. Siku ya kwanza wenzangu walinipigia makofi, nami nikawa nawatazama kama vile anapigiwa mtu mwingine.

Utaniuliza habari za Bingwa, yule rafiki yangu kiziwi. Bado yuko kituoni. Unajua tulikaa meza moja miaka miwili, na lugha ya alama nimefundishwa naye. Kwa cherehani hakuna aliyemfikia, ndiyo maana tukamwita hivyo.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Nafasi ilikuwa moja, tukaitwa wawili. Mkalimani aliugua siku hiyo, mshauri akaniomba nimtafsirie mwenzangu. Meneja akataka kujua: king'ora cha moto kikilia, Bingwa atajuaje? Bingwa hakusita. Alisema kwa mikono kwamba macho yake hayalali, na kwamba wakifunga taa nyekundu juu ya mlango itawafaa wote, maana kwa kelele za mashine zile hata wenye masikio hawasikii.

Meneja akanigeukia. Nikamwambia anasema hajui, labda awepo mtu wa kumshika mkono.

Sauti yangu haikutetemeka, dada. Meneja akaandika. Bingwa akanitazama akitabasamu, akiamini nimemsemea vizuri. Majibu yalipotoka, yeye ndiye aliyenibebea mkoba hadi kituo cha basi.

Tangu hapo nangoja nilie, silii. Nangoja aibu, nayo haiji. Ni kama mguu uliokufa ganzi.

Jumapili alinitembelea. Kiwanda kingine kimemwita, akataka nimweleze alikosea wapi mara ile, ajirekebishe. Nikamjibu kwamba hakukosea popote. Akacheka, akanipiga begani, akasema niache kumfariji, nimfundishe. Tukakaa hadi jioni, namfundisha kujibu swali lile la king'ora, naye anayaacha maneno yake mazuri ya taa nyekundu, anashika yangu.

Barua hii usimsomee mama. Mwambie tu nimepata kazi. Wasalimie wote hapo nyumbani, na mtoto mdogo mbusu kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba