Fundi Ni Mtani Wangu, na Bafu la Mama Haliishi

Mpendwa mshauri Bi Mwanne,

Naomba msaada wako kabla Pasaka haijanikuta, maana nikisema nimsubiri huyu fundi nitazeeka na mimi nihitaji bafu la kwangu. Naitwa Clotilda, ni Mchaga wa Kibosho, nina miaka arobaini na sita, nauza vyombo vya jikoni kwa jumla Kariakoo, na mdomo ninao, wateja wangu wote wanajua, ila kwa jambo hili mdomo wangu ndio ulioniponza.

Mama yangu, Mama Evarista, ana miaka sabini na nane, na ameishi nyumba yetu ya Ilala tangu marehemu baba akiwa karani bandarini, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na korido katikati, choo na bafu viko uani, na paa la choo linavuja. Mwaka jana wakati wa vuli aliteleza kwenye ngazi ya kutokea uani akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, kaka yangu Tarsis akamchukua kwake Kibaha, na kwa kweli Tarsis anamtunza, sisemi uongo, lakini kule mama anaogeshwa na dada wa kazi, binti wa miaka kumi na tisa, na mama ni mtu wa kujisitiri, Bi Mwanne, ni mtu ambaye sisi watoto wake hatujawahi kumwona bila kitambaa kichwani, kwa hiyo siku nyingine anasema hana jasho ili asiogeshwe. Kila Jumapili akinipigia simu hazungumzii mguu wala dawa, anauliza jambo moja tu, "Clotilda, bafu langu limefika wapi?"

Daktari alisema anaweza kuoga mwenyewe akiwa amekaa, mradi bafu liwe ndani, lisiwe na ngazi, na ukutani kuwe na vishikio. Nikaamua chumba cha mwisho, tulichokuwa tunaweka mkaa, kiwe bafu na choo cha mama. Tarsis akasema sawa, ila kama halijaisha mpaka Pasaka nyumba iuzwe kwa wale wanaotaka kujenga ghorofa, mama abaki Kibaha moja kwa moja, na mama mwenyewe kwa kuchoka kusubiri amesema basi, atasaini.

Hapa ndipo ninapoungama. Majirani walinitajia mafundi watatu, wote nikawakataa, kazi nikampa Heriel. Heriel ni Mpare wa Same, fundi mwashi, mtu mzima wa miaka sitini, ndiye aliyenisakafia duka, na mwaka wa kumi na moja huu anakunywa chai dukani kwangu, na kama unavyojua Mchaga na Mpare ni watani, basi siku haiishi hajasema Mchaga akizimia usimpepee, mhesabie hela sikioni, nami sijasema Mpare akinyeshewa na mvua anakwenda kulishtaki wingu. Nilipomwambia tuandikishane akanijibu mbele ya watu, "Wewe Mchaga unataka karatasi na mtani wako? Karatasi ni zetu sisi Wapare, na leo sina kesi." Nikacheka, wateja wakacheka, ukawa ndio mkataba.

Alianza vizuri, tuliporudi tu kutoka Moshi mwezi wa kwanza, akabomoa, akajenga, akapiga lipu, akamwaga sakafu, nikajua wiki tatu zimetosha, na sasa ni mwezi wa tatu. Jumamosi hafanyi kazi kwa sababu ni Msabato, hilo namheshimu, lakini Jumapili nikimpigia ananiambia, "Leo siku yako mtani, nenda kanisani ukatubu zile bei zako." Nilipomuuliza habari ya vishikio alikuja siku ile ile akapima, akaniandikia unene wa vyuma, nikaenda kuvichongesha kwa mafundi vyuma wa mtaa wa Gerezani. Nilipomuuliza habari ya marumaru akanitajia idadi, na haikupungua hata moja. Nilipomuuliza bomba la maji machafu ataliunganisha lini na shimo la uani akasema, "Ninyi mnaoga mara moja kwa mwaka, Desemba mkienda Moshi, haraka ya nini?" Juzi nikamuuliza tena, Heriel, maji yatatokea wapi, akasema, "Kwa Mchaga kitu kikiingia hakitoki, kama hela." Jirani yangu akacheka mpaka akakaa chini, na mimi nikacheka, kisha nikaenda chumbani kwa mama nikalia.

Siwezi kumgombeza, mtani hakasirikiwi, nikikasirika mimi ndiye nitakayekuwa na kosa. Nikimfukuza watu wa Kibosho na watu wa Same watanicheka mpaka kaburini. Zimebaki wiki nne. Nifanye nini?

Clotilda, Ilala

JIBU

Clotilda, mpe mama pole yangu yote. Yako wewe ni nusu, na utaona kwa nini.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalamu. Uliuliza vishikio, akapima. Uliuliza marumaru, akahesabu. Uliuliza maji yatatokea wapi, ukajibiwa utani. Ukauliza tena maji, ukajibiwa utani mwingine. Wewe unaona fundi mzembe. Mimi naona fundi aliyekwama, amekwama kwenye maji, na anaona haya kukwambia. Heriel ni mwashi, mwanangu. Mwashi na fundi bomba ni watu wawili, na aliyemtwisha mmoja kazi ya wawili ni wewe, kwa sababu ulikuwa unamjua na chai yake ulikuwa unaijua.

Na tafadhali usiusingizie utani. Mtani ndiye anayekuja msibani akakuchekesha na machozi yako usoni, halafu akashika jembe akakusaidia kuzika. Hilo jembe ndilo mlilolisahau nyote wawili. Hakuna mila iliyokukataza karatasi. Uliiacha kwa kutaka kuwafurahisha wateja, na kicheko kile kimekula miezi miwili ya mama yako.

Umesema kweli kwa jambo moja: ukimkasirikia mtani umeshindwa kabla hujafungua mdomo. Lakini kuna kitu hujakijaribu kwa miaka kumi na moja. Huyu ni mtu wa miaka sitini na wewe wa arobaini na sita. Kila siku unamtania. Hujawahi kumwamkia.

Jumatatu asubuhi mwite. Mwite na jirani mmoja ambaye si mtani wa yeyote kati yenu, akae pale kama shahidi. Teka maji ndoo mbili. Heriel akiingia tu, mwambie, "Shikamoo, mzee Heriel." Usitabasamu. Akikurushia neno, liache lianguke. Kisha mweleze habari ya mama, yote, na ya yule binti anayemwogesha pia, maana katika barua nzima sioni mahali ulipomweleza. Ulimwambia unataka bafu. Hukumwambia ni la kumsitiri nani. Ukimaliza, mimina ndoo moja sakafuni na wote mtazame maji yanakokwenda. Maji hayana kabila na hayajui mzaha.

Akikiri, usimfukuze. Leta fundi bomba, na usimchukue kwa kuwa anachekesha. Nenda kwenye nyumba aliyomaliza, fungua bomba kwa mkono wako mwenyewe. Kisha kaeni chini, chaneni ukurasa wa daftari, muandike mwashi anafanya nini, wa bomba anafanya nini, inaisha siku gani, na kwamba malipo ya mwisho yanatoka siku ndoo ya pili itakapomwagwa na maji yakaondoka yenyewe. Shahidi atie sahihi. Kitasa cha mlango kiwe cha kufunguka na kwa nje, kwa usalama wa mama. Asipokiri, mlipe alichokwisha kufanya, mshukuru, mwambie kwaheri mzee, na lete wengine siku hiyo hiyo.

Jumatatu ikipita hujafanya hivi usiniandikie tena mimi, mwandikie dalali wa nyumba.

Bi Mwanne

BARUA YA PILI

Hii ilinifikia Jumanne baada ya Pasaka. Naichapa yote, sikuona pa kukata.

Bi Mwanne, nilimwamkia. Heriel alisimama mlangoni na mfuko wake wa vifaa, akaniangalia, akamwangalia jirani yangu Bi Moza aliyekuwa amekaa kwenye kiti, akavua kofia akauliza kwa sauti ya chini, "Nani amefariki?" Nikamwambia hajafariki mtu, nikamweleza habari ya mama tangu ngazi mpaka yule binti, na sikulia, nashukuru Mungu, kisha nikamimina ndoo, na maji yote yakaja kwetu, yakatoka mlangoni, yakaingia koridoni, tukabaki miguu imelowa. Ua wetu tumeujaza kifusi mwaka hadi mwaka kwa kuogopa mafuriko ya Jangwani, sasa uko juu kuliko kile chumba, na shimo liko huko huko uani, maji yangepandaje? Heriel aliigeuza ile ndoo akaikalia, akasema, "Nililiona tangu wiki ya tatu, Clotilda. Ningekwambiaje? Mababu zangu walivusha maji milimani kwa mifereji, mimi nimeshindwa kuyatoa bafuni." Miaka kumi na moja, ndiyo mara ya kwanza ananiita kwa jina langu.

Nilimpata fundi bomba, Beno, mtu wa Songea, asiyesema maneno matano kwa siku, bafu alilojenga Mchikichini nililiona na bomba nikalifungua. Akapima akasema sakafu ipande shubiri moja na nusu, na koridoni paje mteremko wa pole pole badala ya ngazi. Tukaandikishana, Bi Moza akasaini. Heriel akaimwaga sakafu upya kwa simenti yake mwenyewe, nilipotaka kumlipa akaniambia hilo halimo kwenye karatasi, na Jumapili mbili nikitoka kanisani nilimkuta amepiga magoti anapanga marumaru, wala hakunitania, mpaka nikaanza kuona upweke.

Tarsis alimleta mama Jumatano ya Juma Kuu, na karatasi za wale wa ghorofa ziko kwenye gari. Ndoo ya pili aliimwaga mama mwenyewe, ameegemea mkongojo, mimi nimeishikilia kwa chini. Maji yalizunguka kidogo, yakakusanyika, yakaenda kwenye tundu yakaisha, hata tone halikuja mlangoni. Bi Moza akapiga kigelegele mtaa mzima ukasikia. Mama akamtazama Heriel akasema, "Kumbe Mpare akifungwa mdomo anajenga." Heriel akamjibu, "Na Mchaga sasa itabidi aoge, mama, kisingizio kimekwisha." Mama alicheka mpaka akayumba, akakamata kishikio, na kishikio kikamshika.

Kisha akatutoa wote akafunga mlango. Tulisimama koridoni, mimi, Tarsis, Bi Moza na mafundi wawili, tukawa tunasikiliza maji yakimwagika kopo kwa kopo, kwa muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kuoga. Alitoka amejifunga kitenge kipya na kitambaa chake kichwani, ananukia sabuni, akamuuliza Tarsis, "Zile karatasi zako za ghorofa bado unazo?"

Tarsis akasema ndiyo, ziko kwenye gari.

"Kawashie jiko," mama akasema. "Nataka chai."

Clotilda

Ninyi wengine mnaobomoa nyumba mwaka huu: karatasi kwanza, ndoo ya maji pili, kicheko tatu, na msibadilishe mpangilio. Na wewe Clotilda, kazi imekwisha, mrudishie mzee wa watu utani wake kabla hajaugua. Ile shikamoo iweke mahali karibu. Choo cha uani bado hakijapauliwa upya, na masika ndiyo haya.

Bi Mwanne