Mwenye Mkono Dirishani

Jumamosi. Mvua, kama kawaida ya Tukuyu. Nimelowa mpaka magotini, lakini leo hata ingenyesha mawe ningekaa niandike haya.

Shajara yangu, unajua ninachokitaka. Nataka kuwa mwalimu wa shule ya msingi. Si sekondari. Darasa la kwanza, wale wenye makamasi. Wenzangu wananicheka, eti ualimu wa msingi ni kazi ya waliokosa kazi. Wacheke tu. Hawajawahi kumwona mtoto anayesoma neno zima peke yake kwa mara ya kwanza, halafu anageuka nyuma kutazama ni nani aliyemsaidia.

Tangu tujengewe madarasa mapya huku kwetu Matwebe na walimu wasitoshe, nimekuwa nikijitolea. Sasa chuo cha ualimu kimenikubali. Ambakisye, mume wangu, naye amekubali. Alibaki baba yake. Shamba tunalolima ni lake, nyumba iko kwenye uwanja wake, na akisema hapana ni hapana.

Tatizo ni kwamba mimi na baba mkwe hatujawahi kuzungumza.

Si ugomvi. Ni desturi yetu Wanyakyusa: mke hamtazami usoni baba wa mumewe, hasemi naye, hata jina lake halitamki. Akitokea njiani, mimi naingia migombani. Wengi wa mjini wameshaiacha, lakini mzee wangu ni wa zamani, na sitaficha, ninampenda hivyohivyo. Sasa mtu kama huyo utamwombaje ruhusa? Nikamtuma mama mkwe. Akarudi na jibu: "Anasema aje kwanza asikie unavyofundisha. Asije akampeleka mkamwana chuoni, kumbe kazi yake ni kuwapigia watoto kelele tu."

Jana akaja. Mwalimu mkuu wetu ni mtu wa Singida, mwema sana, amehamia juzijuzi. Kwa heshima zake zote akamwekea mgeni kiti mbele kabisa, pembeni ya ubao.

Mzee akatokea mlangoni. Mimi chaki chini, kanga usoni, mbio nyuma ya ubao!

"Mwalimu, vipi, unaumwa?" akauliza mwalimu mkuu. Watoto ndio waliomfumbua macho, darasa zima kwa pamoja: "Ni mkwe wake!" Maskini, alivyotahayari. Mzee alikuwa ameshageuka, anatoka. Nikajua basi, habari yangu imekwisha. Machozi yakanilenga huko huko nyuma ya ubao.

Kumbe hakuondoka. Dirisha la darasa letu bado halina hata fremu, na pale chini nikaona mwavuli mweusi ukifunguka. Alikuwa ameketi kwenye tofali zilizobaki kwenye ujenzi, ametupa mgongo, anasikiliza.

Nikafundisha. Nilitoka nyuma ya ubao, watoto wakanichangamkia, nikasahau kila kitu. Tulikuwa kwenye hesabu za kutoa. Mama ana ndizi tisa, amempa jirani nne, amebakiwa na ngapi? Vidole vinahesabiwa chini ya madawati.

"Tano!" ikatoka sauti.

Nami, kwa mazoea tu, bila kufikiri: "Nani huyo anajibu bila kunyoosha mkono?"

Watoto wote wakatazama dirishani. Ndipo nikaelewa nimemkaripia nani. Nilitamani ardhi inimeze, mimi na ubao wangu.

Kisha, taratibu, pembeni ya mwavuli ukapanda mkono. Mkono wa mkulima, wenye madoa meusi ya utomvu wa migomba. Ukanyooka vizuri kabisa, ukasubiri.

Ningemwitaje, na jina lake silitamki?

"Haya," nikasema huku nikiutazama ubao, "mwenye mkono dirishani."

"Tano."

"Mpigieni makofi!" Na watoto, Mungu awabariki, walipiga mpaka mvua kwenye bati haikusikika tena.

Jioni mama mkwe akaja jikoni kwangu, anacheka peke yake tangu mlangoni. "Mzee anasema uende chuo. Anasema ukishika chaki humwogopi mtu." Nikamkumbatia na mwiko wangu mkononi. Nikamwomba ampelekee baba asante yangu, ndaga fijo, kisha nikalia vizuri, kile kilio kitamu kinachokuja na kicheko.

Miaka yote ya ndoa yangu, baba mkwe ameniambia neno moja tu. Na alilipatia.

Jumatatu nina kipindi cha kwanza. Nimeshamwomba mwalimu mkuu zile tofali zilizo chini ya dirisha zisiondolewe.