Baba, Mwenda Ameanza Kushika Fimbo Ndefu

Baba,

Tangu tukuzike sijawahi kukuandikia, na hata sasa sijui mtu anamwandikiaje baba mkwe. Ulipokuwa hai tulizungumza kwa umbali, kama inavyopasa mzee na mke wa mwanawe. Sikuwahi kukalia kiti chako. Mkono wangu uliushika siku ya harusi, basi. Lakini wewe ndiwe uliyenifundisha gofu, na leo nimetoka malishoni na habari ambayo hapa nyumbani sina mwingine wa kumpa.

Mwenda ameanza kucheza.

Ndiyo, Mwenda wako. Yule ambaye tukitaja gofu mezani alikuwa anabeba kikombe chake cha chai na kwenda kukinywea nje.

Nilipoolewa hapa Nkubu ulikuwa umestaafu karibuni tu kutoka kazi ya kutibu mifugo kule Timau, ukarudi na mfuko wa fimbo za gofu ambao Mama hakujua auweke wapi. Kila Jumamosi tulipokuja kutoka Meru mjini tunakoishi, nilikuona ukipiga mipira malishoni, ng'ombe wakiwa wamefungiwa upande wa pili. Nilikuwa nasimama kwenye ua nikitazama. Siku moja ukasema bila kugeuka, "Wawira, mtu hatazami hivyo kama hataki kujaribu." Nikaingia nikiwa na sketi na gambuti.

Fimbo fupi zilinikubali upesi. Ndefu ndizo zilinitesa. Mpira wa kwanza uliruka vizuri hadi ng'ambo ya yale majani marefu ya ng'ombe, napia, nikafurahi kama mtoto. Wa pili ukajikokota kwenye nyasi. Wa tatu ukaenda kwenye kahawa ya jirani. Nikakuuliza kwa nini siwezi kurudia kile nilichofanya mwanzo, ukacheka kidogo, ukasema watu wote wanauliza hivyo.

Mwalimu mwingine angenishika viwiko anionyeshe. Wewe hukuweza, mimi ni mke wa mwanao. Ukachukua bua la hindi ukalilaza chini, ukanielekeza kwa bakora yako nisimame wapi. Kwa fimbo fupi, mpira katikati ya miguu. Kwa ndefu, mpira usogee mbele hadi karibu na kisigino cha kushoto, nami nirudi nyuma kidogo nijipe nafasi. "Fimbo ndefu haikuombi nguvu," ulikuwa unaniambia. "Inakuomba muda. Ipandishe, ingoje ifike juu, ndipo ishuke." Ulinitaka nianze na fupi, niende ya kati, nimalizie na ndefu, zote kwa mwendo uleule, kama mtu anayekata nyasi bila kuharakishwa na mvua. Halafu nisimame nilivyomaliza mpaka mpira utue. Nikiyumba, ulijua nimeharakisha. Hukuwahi kunipandishia sauti. Hata mara moja.

Halafu ukaanguka.

Kiharusi kilichukua mkono wa kulia na kikachukua sauti. Ulipelekwa Embu, na kwa vile shule ninayofundisha ilikuwa imefungwa na kwetu ni karibu na hospitali, nilikaa kwa mama yangu nikawa nashinda nawe mchana. Mwenda alikuja wikendi tu, kwa sababu ya kazi. Jumapili moja tulikuwa wote, Mama pia, ukainua ule mkono wa kushoto. Ukaupandisha taratibu hadi karibu na sikio, ukausimamisha, ukaushusha. Ukarudia. Muuguzi akasema unataka maji. Mama akasema unataka tuombe. Mimi nikasema, "Anaulizia mazoezi yangu." Ukafumba macho, na uso wako ukatulia.

Nilipogeuka Mwenda hakuwepo. Nilimkuta nje ameegemea ukuta. Akaniambia, "Baba amebaki na mkono mmoja, na anautumia kuongea na wewe." Hukumaliza wiki hiyo.

Tulikuzika mvua ikinyesha, udongo ukishika viatu vya watu. Baada ya matanga ndugu yako aliulizia zile fimbo, Mwenda akakataa, akazifungia stoo pamoja na pampu ya kunyunyizia ng'ombe dawa. Nami sikuulizia. Tuliishi tu vizuri, si mtu mbaya mwanao, wajua. Lakini kulikuwa na kitu kati yetu ambacho hakuna aliyekigusa. Malisho yakabaki ya ng'ombe. Siku moja Mama alinikuta jikoni akaniuliza, "Hata wewe umemwacha mzee?" Nikainamia vitunguu nilivyokuwa nakata ili asione macho yangu.

Kisha tulipokuja Jumamosi moja baada ya kuvuna mahindi, nilisikia kishindo kule malishoni. Nikaenda kuona. Mwenda alikuwa amesimama na fimbo yako ndefu kuliko zote, na viatu vya ofisini miguuni, akipiga kama mtu anayepasua kuni. Mpira ukatumbukia kwenye napia. Alijua nimefika. Akaniuliza akiwa amenipa mgongo, "Ule mkono wake pale hospitali, ulikuwa unasema nini hasa?"

Nikamwambia. Ipandishe, ingoje, ishushe.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu. Alikuwa ananiambia kila tukija."

Ndipo akanieleza ambalo sikulijua. Kwamba alipokuwa mdogo ulimpeleka uwanjani mara kadhaa, mkiishi Timau. Kwamba kila alipokosea ulimnyang'anya fimbo. Kwamba siku moja, mbele ya wenzako wa kazi, ulimwambia ana mikono ya mbao, akaiacha fimbo palepale kwenye nyasi, akatembea peke yake kwenye baridi hadi nyumbani. Baada ya hapo hukumwita tena, naye hakuomba.

Baba, nilikukasirikia. Nakuambia ukweli kwa sababu sasa huwezi kunikatiza kwa kuniambia nikalete chai. Nilikaa na hasira hiyo siku nyingi. Mbona upole wote ulinipa mimi? Pengine ni kwa vile mimi sikuwa wako kabisa. Mke wa mwana hafokewi, hashikwi, watu wangesema. Yeye alikuwa wako, ukamfanyia kama mtu anavyofanyia kitu chake. Ningetaka sana kukusikia ukinijibu hapo.

Nikalaza bua chini. Nilimwanzisha kwa fimbo fupi, akalalamika kwamba hizo ni za watoto. Akifika kwenye ndefu mabega yanampanda, anaibana fimbo kama atanyang'anywa, na kabla haijafika juu ameshaishusha. Mpira mmoja kulia, mmoja kushoto. Kuna siku aliirusha fimbo hadi kwenye ua. Nikaifuata, nikampa, nikamwambia vile ulivyoniambia mimi: legeza vidole, mpira hauendi popote, unakungoja. Akaniangalia.

"Alikuwa anasema hivyo? Kwa sauti hiyo?"

"Kwa sauti hiyo."

Akaketi kwenye nyasi zenye umande na suruali yake nzuri, na sikumwambia ainuke.

Leo nimempa neno ambalo nilikuwa nimelinyamazia, kwa sababu sikujua kama ni langu kulibeba. Kuna jioni niliharibu mipira mingi mfululizo, ukawa unatazama mlimani, si mimi, ukasema, "Mwenda naye nilidhani ana haraka. Kumbe mwenye haraka nilikuwa mimi." Kisha ukaniambia niweke mpira mwingine.

Nilipomaliza kusema, Mwenda aliuliza, "Alisema lini?"

"Mwaka kabla hajaugua. Alikuwa amesimama pale kwenye birika la kunyweshea ng'ombe."

Akatembea hadi pale. Akaweka mkono mmoja juu ya ukingo wa birika. Sikumfuata. Aliporudi alichukua fimbo ndefu na kuangalia miguu yake. Akaipandisha. Akangoja, Baba, kweli akangoja. Mpira ukaenda katikati ya malisho. Uliofuata ukaenda njia ileile. Mwingine ukapotelea kwenye napia, akacheka huku akijifuta uso kwa mkono wa shati, na akaendelea. Tulipokwenda kuiokota mipira, mingi ilikuwa imelala karibu karibu kama mayai ya kuku mmoja. Aliitazama kabla ya kuiinua. Akasema, "Angeiona hii," akaitia mfukoni mmoja mmoja.

Maneno yako niliyobaki nayo si mengi. Nampa moja moja, siku anayolihitaji, maana yakiisha sitakuwa na kingine kutoka kwako cha kumpa. Nadhani naye anajua, ndiyo sababu haniulizi yote kwa pamoja. Nakuahidi sitajibakizia hata moja. Kama ulivyoyasema ndivyo atakavyoyapata, taratibu, na bila kumshika mkono.

Pumzika, Baba. Huku nyumbani tunaendelea kukuzoea ukiwa hupo, na hatujajua vizuri bado.

Ni mimi, mke wa Mwenda,
Wawira