Kivinjari na Sikio la Kushoto

Jumamosi, 3 Mei

Hili sijawahi kumwambia mtu yeyote, kwa hiyo naliandika polepole: sikio langu la kushoto halisikii.

Haya. Limeandikwa. Dari haijaanguka.

Ni tangu ile homa ya mwaka juzi. Mwanzoni nilidhani ni maji ya kuoga yaliyokwama ndani. Baadaye nikazoea. Darasani nakaa ukutani upande wa kushoto, ili dunia nzima iwe kulia kwangu. Nikitembea na mtu najifanya kufunga kamba ya kiatu, nikiinuka nimeshabadili upande. Watu wanasema mimi ni mtulivu, nimezama vitabuni. Wengine wanasema naringa — wananisalimia kushoto, nawapita kama waziri! Siringi jamani. Ni kwamba vitabu havininong'onezi.

Mama je? Mama ni fundi cherehani. Wateja wake husubiri sebuleni kwetu, na kila mteja lazima aambiwe: huyu wangu hajawahi kunisumbua hata siku moja. Nami napita na kitabu changu, mtoto asiyesumbua. Naanzia wapi? Tena ni yeye aliyeniuguza ile homa. Atajilaumu mpaka sindano imchome kidole.

Leo alikwenda kununua nyuzi. Kompyuta ya sebuleni ilikuwa peke yake, jambo la nadra. Ni ya wote: Mama anatazamia mishono, Mjomba anajibia wateja wake, Bibi anasomewa habari. Nikaandika haraka: sikio moja halisikii baada ya homa. Nikasoma, nikasoma. Kuna mengine yanatibika, kuna mengine hayatibiki, na yote yanasema usichelewe. Tayari nimechelewa.

Kisha nikafuta historia yote. Kompyuta safi kama sahani ya mgeni. Hakuna atakayejua.

Jumapili, 4 Mei

Balaa!

Mama kafungua ukurasa wa mishono, anatafuta mikono ya gauni la mteja. Pembeni yake — mzee mmoja anacheka meno yote nje, kifaa sikioni. "Je, mazungumzo yanakupita?" Kafungua hali ya hewa: mzee yuleyule. Habari: mzee, safari hii na mkewe, naye ana kifaa.

Mjomba, mdogo wake Mama, fundi wa friji asiyejua kunong'ona, akageuka taratibu akamtazama Bibi.

"Mama, kumbe umeanza kutafuta!"

"Nimetafuta nini?"

"Mmemsikia? Hasikii!"

Bibi akaweka kikombe chini. Hapo nilijua tumekwisha. Bibi alikuwa opereta wa simu enzi zile za ubao wenye matundu na waya. Mtu anapiga, Bibi anachomeka, watu wanaongea. Masikio yake ndiyo cheti chake.

"Nimeunganisha mji mzima kwa masikio haya. Mtu nilimjua kwa kikohozi chake tu. Leo kompyuta inanitangazia uziwi, tena ndani ya nyumba ya binti yangu?"

"Kompyuta haikosei, Mama. Inatuona."

"Basi iambie nimekusikia asubuhi ukimaliza maziwa. Ulitumia kikombe cha bati."

Mama akacheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi nilisoma ukurasa mmoja wa kitabu mpaka maneno yakachakaa. Lakini nilifuta! Nilifuta kila kitu!

Jumatatu, 5 Mei

Nimenyoosha mkono darasani. Mimi! Mwalimu wa kompyuta mwenyewe alishtuka, akaangalia nyuma yangu kama kuna mwingine.

Niliuliza: mtu akifuta historia, mbona matangazo bado yanamfuata? Darasa zima likaangua kicheko. Nyuma mtu akauliza kwani Profesa ana siri gani, amechelewesha kitabu maktaba? (Profesa ni mimi. Alianza Mjomba, sijui shuleni lilifikaje.)

Mwalimu hakucheka. Alisema historia ni kumbukumbu yako wewe, ukiifuta umejifuta wewe tu. Tovuti zina kumbukumbu zao. Kila unapoingia zinakubandika kikaratasi mgongoni — vidakuzi — na kampuni za matangazo zinakisoma kila unapopita. Umefagia chumbani, alisema, huku nyayo zako ziko barabara nzima. Akasema viko vivinjari, yaani programu za kufungulia tovuti, vilivyotengenezwa kuzuia wafuatiliaji, ila havifanani: kimoja kinaficha sana mpaka hakitumiki, kingine kinaficha kwa jina tu. Chagua unachoweza kuishi nacho kila siku.

Kila siku. Na Mama, na Mjomba, na Bibi. Hiyo ndiyo kazi.

Jumanne, 6 Mei

Nimepakua cha kwanza. Picha yake ni kobe, na haikuwekwa bure. Kinazungusha safari yako nchi hadi nchi ili mtu asijue umetokea wapi. Nilifurahi. Hakuna atakayetupata!

Hata sisi hatukujipata. Hali ya hewa ilitupa theluji. Mjomba akaenda kufunga dirisha, mzaha tu, akarudi amejitanda shuka. Ukurasa wa mishono ulikataa kufunguka mpaka Mama athibitishe kwamba yeye ni binadamu: achague picha zenye baiskeli. Akachagua. Ukaleta nyingine. Akachagua. Ukaleta madaraja.

"Nimezaa, nimelea, nimeshona sare za shule nzima," Mama alisema, "leo naulizwa kama mimi ni mtu?"

Nimekiondoa.

Jumatano, 7 Mei

Hakuna kubwa. Bibi amehama kiti chake mezani, sasa anakaa kulia kwangu. Anasema upepo wa dirishani unampiga.

Dirisha lilikuwa limefungwa.

Alhamisi, 8 Mei

Cha pili: kinasahau kila kitu ukikifunga. Kila kitu! Nikasema ndicho hiki, mzee wa meno kwaheri.

Jioni nasikia: "Profesa! Umeniua!"

Mjomba yuko mbele ya kompyuta, mikono kichwani. Ukurasa wake wa wateja unataka nywila. Haijui. Hajawahi kuijua! Siku tuliponunua kompyuta aliiandika mara moja, kompyuta ikamkumbukia, yeye akaendelea na maisha. Kuna mwenye bucha mahali fulani anamtumia ujumbe friji imezima, na nyama haisubiri.

Akajaribu jina la mchumba wa zamani. Siyo. Jina la timu yake. Siyo. Mama akasema ajaribu jina la mchumba wa sasa. Mjomba akasema tusiingie huko.

Bibi, bila kuinua macho kwenye kunde alizokuwa akichambua, akaitaja. Herufi kwa herufi, na namba mwishoni. Ikafunguka!

Mjomba akageuka kwenye kiti.

"Mama... umeijuaje?"

"Siku ile ulikuwa unajisemea ukiandika. Mimi nilikuwa jikoni."

"Jikoni! Na miaka yote hii hujasema?"

"Uliniuliza?"

Mjomba alipiga simu kwa mwenye bucha akiwa ameshavaa viatu. Mlangoni akageuka akasema masikio ya Bibi yapewe nywila. Mama akasema basi yule mzee wa kwenye matangazo anamtafuta nani humu ndani? Alisema kwa mzaha. Nilichukua sahani, nikaenda kuosha sahani safi.

Jumamosi, 10 Mei

Nimepata! Picha yake ni ngao ndogo ya bluu. Niliandika sifa ninazotaka, nikazilinganisha kama Mama anavyolinganisha vitambaa — kwa kuvivuta. Kinazuia wafuatiliaji chenyewe bila kuchokonoa mipangilio. Hakikulazimishi kujisajili. Msimbo wake, yaani maagizo yanayokiendesha, uko wazi, wanaojua wanaweza kuukagua. Wanaeleza pesa zao zinatoka wapi, na hawauzi habari za watu. Nilisoma sera yao yote. Nadhani mimi ndiye wa kwanza kuisoma, hata walioiandika waliruka mahali. Na kubwa kuliko yote: unakiambia tovuti zipi kizikumbuke. Wateja wa Mjomba — kumbuka. Mishono — kumbuka. Ninachotafuta mimi — sahau nikifunga.

Kina kinamba pembeni kinachohesabu waliozuiwa. Nilipofungua ukurasa wa mishono kilipanda kama mita ya maji. Watu wote hao wanataka nini kwenye mikono ya gauni?

Mzee wa meno hayupo. Nilizunguka kote. Hayupo!

Bibi akaja kukaa, kulia kwangu.

"Sasa hiki kinajua nini juu yako?"

"Kidogo sana, Bibi."

"Na kinamwambia nani?"

"Hakimwambii mtu."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Kama mimi kazini. Tulisikia yote — mahari, ugomvi, watu wanaaga. Unachomeka waya, unafunga mdomo. Ukitoka pale hujui kitu." Akakisogeza kiti chake. "Ila wa kutafuta daktari sikuwahi kumwacha asubiri. Hata kama alikuwa anazungukazunguka, hajui aanze vipi. Nilimuunganisha yeye kwanza."

Nilisema ndiyo Bibi. Nilikuwa natazama kinamba.

"Na yule mzee wangu amekwenda wapi?" akauliza. "Nilishaanza kumzoea."

Halafu akamwita Mjomba akamwambia, kwa sauti ambayo hata sikio langu la kushoto lingeipata, kwamba ameamua kwenda kupima masikio ili watu wa nyumba hii wakome kumtania. Ijumaa. Na atasindikizwa na Profesa, kwa sababu Mjomba atamsemesha daktari mpaka naye awe kiziwi.

Jumatatu, 12 Mei

Mama amekizoea kivinjari. Anakiita kimyakimya. "Washa kile kimyakimya chako." Ameniambia mbele ya mteja: huyu wangu, hata akitengeneza kompyuta hasumbui.

Ijumaa, 16 Mei

Nimerudi kutoka kliniki.

Bibi aliingia kwanza. Mpimaji ni mama mmoja mwenye miwani shingoni. Alimfungia Bibi kwenye chumba kidogo cha kioo, akamvalisha vya masikioni, akampa kitufe. Bibi alibonyeza kama mtu aliyerudi kazini. Mpimaji akasema milio miwili mitatu ya juu ndiyo imepotea, mengine yote ni ya kujivunia. Bibi akaomba aandikiwe hilo, Mjomba anatakiwa kulisoma.

Kisha akatoka, akakaa benchini, mkoba mapajani. Hakunitazama.

"Kiti bado kina joto," alisema. "Kuna mtu mwingine?"

Mpimaji akaanza kupanga karatasi zake kama hatuko. Nilifikiria kamba ya kiatu. Nilifikiria kile kiti mezani, na dirisha lililofungwa.

Nikampa Bibi kitabu changu anishikie. Nikaingia.

La kulia lilipita vizuri. La kushoto — nilikaa na kitufe mkononi nikisubiri. Kupitia kioo nilimwona mpimaji akigeuza kidude chake, akigeuza tena. Nikadhani mashine imekwama. Haikuwa imekwama.

Mstari wa kulia umepita juu kwenye karatasi ya majibu. Wa kushoto umeanguka chini sana, ila haujafika sakafuni. Mpimaji alikuja akachuchumaa kulia kwangu, akasema halijafa lote, na kuna vya kufanya. Ila nirudi na mzazi. Bila mzazi hawezi kuendelea.

Njiani nilimwuliza Bibi alijua tangu lini. Akasema mtu akikusikia upande mmoja tu, opereta anajua. Nikamwomba amwambie Mama yeye.

"Mimi? Mimi naunganisha tu," alisema. "Kuongea ni kwa wenyewe."

Sasa niko sebuleni. Bibi yuko jikoni, anasikia kila kitu, bila shaka. Cherehani kinalia chumba cha pili. Mama amesema akimaliza pindo anakuja kutazama mikono ya gauni, nimuwashie kimyakimya.

Nimewasha. Nikafungua ukurasa ule ule wa siku ya kwanza: sikio moja halisikii baada ya homa. Nikaweka karatasi yenye mistari miwili mbele ya kioo cha kompyuta. Mkono wangu ukaenda kwenye alama ya kufunga. Bonyezo moja tu na kivinjari kitasahau, hilo ndilo nililokichagulia. Nikautoa mkono.

Nimevuta kiti cha pili nikakiweka kulia kwangu. Cherehani kimenyamaza. Nasikia ndara za Mama zikija.