Kisogo cha Bosi

3 Machi

Mama Bosi,

Sabuni ya kipande ndiyo, ya unga hapana. Ya unga askari wanaimwaga yote, sijui wanatafuta bunduki. Umeuliza maswali mengi mpaka salamu umesahau, basi nakusalimu kwa niaba yetu wote wawili. Mimi mzima. Kifua kinakohoa, lakini kwa adabu.

Kitambulisho njoo nacho chenyewe, ukija na kopi wanakurudisha getini. Gauni lako la rangi ya machungwa liache nyumbani, ndiyo sare yetu hiyo, watakubakiza. Chakula utakionja mbele yao, kwa hiyo pika vizuri, usijitie aibu. Mtoto anaruhusiwa, mradi uwe na cheti chake cha kuzaliwa. Tunapewa dakika kumi, katikati kuna wavu.

Mlete, mke wangu. Nilifungwa hajazaliwa, sijui hata kafanana na nani. Kama ni mama yako, tutakata rufaa.

Baba Bosi

23 Machi

Baba Bosi,

Hujambo? Sisi tumefika salama. Nisamehe kwa jana. Yale makelele ya watu kwenye wavu yalimtisha Bosi, akaning'ang'ania shingo, akakupa mgongo dakika zote kumi. Nilivyojaribu kumgeuza akanikwaruza. Kifua umekipeleka zahanati?

Mama Bosi

29 Machi

Mama Bosi,

Zahanati nimekwenda, nimepewa panado na pole. Nyie wazima?

Usimgombeze mtoto. Kisogo nimekiona vizuri kabisa, kina kialama upande wa kushoto. Sasa nakijua kuliko polisi wanavyonijua mimi. Mwezi ujao mniletee upande wa mbele.

Baba Bosi

30 Juni

Mama Bosi,

Mko salama? Miezi mitatu sasa. Kila Jumamosi nanyoa ndevu, nasimama mlangoni wakisoma majina ya wenye wageni. Juzi niliitikia jina la mtu mwingine, nikafika mpaka kwenye wavu. Mke wa watu akacheka. Mimi pia nilicheka.

Kama ni ule utani wa mama yako, naufuta. Andika hata neno moja.

Baba Bosi

4 Agosti

Baba Bosi,

Salamu. Nimepata kazi ya kufua hotelini, nje ya nchi. Tunaondoka tarehe 17, mimi na Bosi. Bila saini ya baba, mtoto hapewi pasipoti. Fomu ndiyo hiyo humu ndani.

Miaka tisa ya kifungo chako ni mingi. Nimechoka kupekuliwa. Ningekuja kukwambia, lakini nikikuona nitashindwa.

Mama Bosi

8 Agosti

Mama Bosi,

Barua imefika. Kifua usiulize.

Unanijua. Miaka yote nimeuza viatu pale stendi, kiatu hakijawahi kutoka mkononi mwangu kabla hela haijaingia. Hata wewe, siku ya kwanza, nilikutongoza huku nimeshika sendo zako mpaka ukalipa. Sasa angalia: fomu hiyo, saini hiyo, mkuu wa gereza kagonga muhuri. Nimetoa mzigo kwanza, tena kwa mteja anayesafiri. Wenzangu wa stendi wakisikia watasema jela imeniharibu.

Malipo yangu ni Jumamosi, tarehe 16. Huna haja ya kuongea. Huna haja hata ya kunitazama. Mbebe Bosi, akikung'ang'ania shingo muache hivyo hivyo, usimgeuze. Geuka wewe. Ukinipa mgongo wewe, yeye ananitazama juu ya bega lako.

Dakika kumi tu. Tumekubaliana?

Baba Bosi