Inatema Upande Gani

Lexington, 10 Juni 1996

Mwanangu Garland,

Kosa wanalofanya watu wengi wanapomtafutia mtu wa shoto bunduki ni kuuliza uzito wake na bei yake, halafu wakasahau kuuliza inatema maganda ya risasi upande gani. Nimetanguliza hilo kabla ya salamu, unisamehe. Nimestaafu kufundisha fizikia lakini chaki haijanitoka mkononi.

Sasa salamu. Mimi mzima, isipokuwa goti, ambalo linabishana nami kila nikikutana na ngazi. Wewe je? Kidonda kimefunga vizuri? Kazi umerudi?

Mama yako, shemeji yangu, ameniambia kwenye simu kwamba tangu kile kibanzi kiruke kwenye msumeno kikakutoa jicho la kulia, umekuwa ukijifunza kulenga kwa bega la kushoto. Umefanya sawa. Jicho ndilo linaloamua bega, wala si mkono unaoshikia kijiko. Lakini akasema pia kwamba unatumia bunduki ya baba yako, marehemu kaka yangu Estill, na hapo ndipo nilipotafuta kalamu.

Ile ni bunduki ndogo, ya risasi za kipimo cha ishirini na mbili, inayojikoki yenyewe. Ukivuta kifyatulio, komeo linarudi nyuma, linatupa ganda tupu nje kupitia dirisha la upande wa kulia, kisha linasukuma risasi nyingine ndani. Baba yako alikuwa akiiweka bega la kulia. Shavu lake lilikaa kushoto kwa kitako, kwa hiyo kati ya uso wake na lile dirisha kulikuwa na chuma. Wewe ukiihamishia bega la kushoto, shavu lako linahamia kulia kwa kitako. Uso wako sasa uko upande uleule wa dirisha, tena karibu sana.

Usiifyatue hivyo tena mpaka tuandikiane.

Baba yako mdogo,
Orval


Bonde la Sturgill, 21 Juni 1996

Shikamoo Baba mdogo,

Natumaini goti limetulia. Sisi huku wazima. Mama anakusalimu, amepanda maharage mengi kupita watu wa kuyala. Kiwandani nimerudi, ila wamenitoa kwenye msumeno, napanga mbao tu. Jicho la kioo limefika, rangi yake karibu ifanane na la kweli. Nikichoka linatazama kwa jirani.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ni kweli ganda moja lilinidondokea ndani ya kola nikacheza baraza nzima, Hobart akacheka mpaka akakaa chini. Unamjua huyo binamu yangu. Kila jioni anakuja na lake. Juzi ananiuliza, "We chongo, mwaka huu kindi utawapiga au utawakonyeza tu?" Nikamwambia, "Nitakutanguliza wewe. Wakikuona watadondoka wenyewe kwa kucheka."

Lakini nikuambie ukweli, Baba mdogo. Jumamosi ya kufungua msimu inakuja, tarehe kumi na saba Agosti. Wewe umezaliwa bonde hili, unajua kwamba siku ile kila nyumba inapanda mlimani na bunduki ya baba yao, na kindi wa kwanza anaingia kwenye mchuzi mweupe wa mama. Tangu tumzike Baba, ile bunduki naibeba mimi. Nipande na kitu cha dukani kinachonuka mafuta mapya? Watu watasema kibanzi kilinitoa jicho kikanitoa na urithi wa Baba.

Ganda kwenye kola haliui mtu.

Mwanao,
Garland


Lexington, 29 Juni 1996

Mwanangu Garland,

Nimefurahi kusikia kidonda kimepona na ulimi haukuumia. Goti liko vilevile.

Ganda haliui, hapo tunakubaliana. Mimi sikuwa nawaza ganda. Risasi hizi za ishirini na mbili hupigwa kwenye ukingo wa kitako chake, kwa hiyo kuta za ganda lazima ziwe nyembamba ili ukingo ubonyee. Na baruti yake ni chafu. Komeo likifunguka, pamoja na ganda inatoka hewa ya moto, masizi, na chembe za baruti ambayo haikuungua. Mara chache, komeo lisipofunga sawasawa, ganda lenyewe hupasuka, na vyote hivyo vinakimbilia dirishani. Mwenye macho mawili akipata chembe jichoni anakwenda hospitali, anarudi na hadithi. Wewe unalo moja.

Sitaki uniamini kwa sababu mimi ni mkubwa wako. Fanya jaribio. Chukua kadibodi nyeupe, isimamishe kwenye kigingi kulia kwa kitako, pale ambapo uso wa mtu wa shoto ungekaa. Kisha mtafute mtu wa bega la kulia avae miwani ya kazini, aifyatue bunduki kama kawaida mpaka risasi zote za magazini ziishe. Mtazame kadibodi kwa pamoja. Isipokuwa na alama yoyote, sitasema neno tena.

Baba yako mdogo,
Orval


Bonde la Sturgill, 2 Agosti 1996

Shikamoo Baba mdogo,

Najua nimekaa kimya. Jaribio tulilifanya wiki ileile ya barua yako. Kuandika ndiko kulikonishinda.

Hobart ndiye aliyefyatua. Alikuwa anaimba. Kwanza hatukuona kitu, akaanza, "Haya, kamwambie profesa wa Lexington..." Halafu akaisogeza kadibodi kwenye jua. Ilikuwa na vidoa vyeusi, vingi chini na vichache juu. Kimoja hakikutoka kwa kidole. Kilikuwa kimezama ndani ya karatasi, usawa wa jicho. Hobart alijaribu kukichokoa kwa ukucha, akaacha. Akasema, "Mimi uso wangu siuweki hapo, hata ukinilipa." Tangu siku hiyo hajaniita chongo. Nimegundua kumbe napendelea aniite.

Nimekwenda dukani mjini. Wanazo mbili zinazonifaa. Ya kwanza imetengenezewa watu wa shoto kabisa, dirisha liko kushoto, na kile kitufe cha usalama, cha kufungia kifyatulio, kinasukumwa upande wa kinyume na za kawaida. Ya pili inatema maganda chini, mbele kidogo ya kifyatulio, kitufe chake ni cha kawaida, nayo ni nyepesi. Mwenye duka anasema mtu wa shoto achukue ya shoto, hakuna mjadala. Nichukue ipi?

Mama mzima. Maharage bado yanatutawala.

Mwanao,
Garland


Lexington, 6 Agosti 1996

Mwanangu Garland,

Salamu kwako na kwa shemeji. Ahsante kwa jaribio, na mpe Hobart heshima yake. Mtu anayeacha kuimba mbele ya ushahidi anafundishika.

Mwenye duka hajakosea. Ungekuwa unaishi peke yako, ningekuambia uchukue ya shoto, maana uso wako ungekuwa na chuma kati yake na dirisha, kama uso wa baba yako ulivyokuwa. Lakini yeye hajawahi kukaa barazani kwenu Jumamosi ya msimu. Pale bunduki zinapita mikononi kama kikombe cha kahawa, na vidole vya watu vinakijua kile kitufe bila macho kutazama. Siku Hobart atakaposhika ya kwako yenye kitufe cha kinyume, atakisukuma kama alivyozoea, aamini ameifunga, kumbe ameifungua. Kwa nyumba yenu, chukua inayotema chini. Haimtupii mtu kitu usoni, awe wa shoto au wa kulia. Kitufe utakizoea hata kwa mkono wa kushoto.

Kabla ya kulipa, mwombe ahakikishe haina risasi, kisha ielekeze ukutani mahali pasipo na mtu. Funga jicho, ipandishe begani, fungua jicho. Alama za kulengea zikiwa zimesimama mbele yako, kitako kinakufaa. Ukilazimika kuinua au kuinamisha shingo, hakikufai, hata mbao yake iwe nzuri namna gani. Halafu nunua risasi za aina mbalimbali kidogo kidogo. Bunduki hizi huchagua chakula kama watoto, na utajua inachopenda kwa kuona kipi kinapita bila kukwama.

Na miwani uivae. Hilo halina uchaguzi.

Baba yako mdogo,
Orval


Bonde la Sturgill, 10 Agosti 1996

Shikamoo Baba mdogo,

Natumaini u mzima. Nimeinunua inayotema chini. Nilifumba jicho nikafumbua, alama zikawa zinanisubiri. Jana nimepiga makopo nyuma ya banda, na miwani nilivaa.

Lakini Jumamosi nitapanda na ya Baba. Risasi moja tu, kwa ajili ya kindi wa kwanza, kisha naiweka chini kwa maisha yangu yote. Usinikasirikie. Ni Mama. Hajasema neno, lakini juzi nimerudi kazini nikakuta ameitoa kabatini, ameipaka mafuta mtutu mpaka kitako, ameiegemeza karibu na mlango. Mama akifanya kitu bila kusema ndiyo amesema. Siwezi kupita pale mlangoni na bunduki nyingine huku ananitazama.

Risasi moja, Baba mdogo. Chembe gani itakuwa na haraka hivyo?

Mwanao,
Garland


Lexington, 13 Agosti 1996

Mwanangu Garland,

Natumaini barua hii inakukuta na afya, na kabla ya Jumamosi. Ningeweza kukupigia, lakini kwenye simu ungenikatiza.

Kuhusu risasi moja. Kile kidoa kilichozama kwenye kadibodi kilitoka na risasi moja. Nyingine zote za magazini ile hazikukileta, na hakuna aliyejua ni ipi itakayokileta. Bunduki haina habari kwamba umeiahidi kuistaafisha.

Kuhusu mama yako, niliona ni afadhali nimuulize kuliko kukisia. Nimempigia leo asubuhi ukiwa kazini. Nikamwambia, "Shemeji, Garland anasema umemwandalia bunduki ya Estill."

Akasema, "Nani kamwandalia Garland? Nimeipaka mafuta niende nayo mimi."

Nikauliza, "Wewe, Maxine?"

"Bega langu la kulia lina kasoro gani? Kindi nilikuwa nawapiga kabla Estill hajanijua jina. Nikaolewa, wakawa wananiachia sufuria. Sasa kijana wangu analenga kushoto na bunduki inataka mtu wa kulia, nikasema basi, mtu wa kulia nipo hapa."

Nikamuuliza kwa nini hakukuambia. Akasema, "Hajaniuliza. Anaingia, anaitazama pale mlangoni, anahema, anakwenda kulala. Nikadhani hataki niende."

Kwa hiyo mmekuwa mkipishana pale mlangoni, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma. Yeye anataka kupanda mlimani na wewe, akiwa kulia kwako, upande usioona. Amesema pia kwamba amefanya mazoezi ya kuipandisha begani jikoni, ikiwa tupu, lakini kufyatua hajaweza, maana risasi umezifungia na ufunguo unatembea nao.

Leo ukimaliza kusoma, mpe mama yako ufunguo.

Baba yako mdogo,
Orval