Mtaa Wetu Umefutika, Nami Nimesema Uko Chini ya Ukaguzi

Mama Gorreti mpendwa, mshauri wetu wa gazetini, nakuomba unisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi Bi Habibah anapanda gari kutoka Nabuyonga, Mbale, kuja hapa kwangu Bugembe kumwona mkaguzi, na mkaguzi huyo hayupo, nilimtunga mwenyewe.

Nina miaka sabini na minne. Zamani nilikuwa mtu wa redio katika polisi pale Mbale, na tuliishi katika nyumba za askari chini ya mlima Wanale hadi mwaka sabini na tisa, serikali ilipoangushwa nasi tukafukuzwa, tukaondoka kwa miguu, na sisi Wanubi tukatawanyika, mimi nikaishia Sudan na baadaye Kenya, nikarudi nikiwa na mvi na masanduku mawili ya vitabu, nikakuta mahali palipokuwa na nyumba zetu pana maghala ya mahindi, kwa hiyo sikuweza kukaa Mbale, nikachagua Bugembe, ambako sina ninachokikumbuka na kwa hiyo hakuna kinachoniuma.

Miaka miwili iliyopita nilisoma habari za mchezo wa kompyuta ambao watu hujenga kwa matofali ya mraba, nikanunua kompyuta ya mitumba nikaifanya seva, yaani mashine inayotunza ulimwengu wa mchezo ili watu walio mbali waingie pamoja, na humo tukaujenga mtaa wetu upya, mimi na Bi Habibah na Matia aliyekuwa askari magereza, nyumba kumi na nane, bomba la maji, msikiti wa mabati, kanisa dogo la kina Matia, hata mawe yaliyopakwa chokaa kandokando ya njia. Kila Ijumaa baada ya swala Bi Habibah alisogeza tableti karibu na jicho la kulia, ambalo bado linaona, akaingia na kukaa katika nyumba ya marehemu mama yake. Hakufanya kitu. Alikaa tu, nasi tukapita tukamsalimu.

Mwezi uliopita mchezo ukapata toleo jipya, na vifaa vya wenzangu vikakataa kuingia hadi nami nisasishe seva. Chombo cha kusasishia hakina kitufe wala picha, ni dirisha jeusi ambamo unaandika amri. Nimesoma vitabu vigumu maishani, Mama Gorreti, lakini hiki kimenishinda. Ukiandika neno la siri hakuna kinachoonekana, hata nukta, nikadhani kibodi imekufa nikanunua nyingine. Ukiomba msaada kinakuambia utaje amri unayotaka kusaidiwa, na amri hiyo ndiyo hasa nisiyoijua. Baadhi ya maneno yanataka kistari kimoja mbele yake na mengine viwili, na hakuna palipoandikwa kwa nini. Mwishowe kikaniuliza, "Una uhakika?" bila kusema uhakika wa nini. Nikajibu ndiyo, kwa kuwa mtu wa umri wangu ana uhakika wa mambo kadhaa.

Kikanyamaza. Hakuna "tayari", hakuna "nimepokea". Sasa sisi katika redio tulifundishwa kwamba ujumbe usiojibiwa haujafika, na ujumbe wa maana hurudiwa mara tatu. Nikairudia amri. Kimya. Nikairudia mara ya tatu, nikibonyeza herufi kwa nguvu zaidi. Baadaye nilisoma kwenye mwongozo, ukurasa wa arobaini na moja, kwamba chombo hiki kikifaulu hakisemi neno. Kwamba kikisasisha bila kutajiwa jina la ulimwengu huanzisha ulimwengu mpya mtupu, na ule wa awali huuweka kama nakala. Na kwamba hutunza nakala moja tu. Kwa hiyo mara ya kwanza mtaa wetu ulikuwa salama ndani ya nakala. Mara ya pili uwanja mtupu ukachukua nafasi yake. Mara ya tatu sijui nilikuwa nazika nini.

Matia akaingia mchezoni, akanipigia simu. "Afande, mimi niko hapa na kondoo moja. Manyumba iko wapi?"

"Kondoo gani?"

"Kondoo! Nyeupe. Ananiangalia."

Nikafunga seva, na ulimi wangu, sijui ulitoa wapi maneno hayo, ukasema kuna ukaguzi wa kambi na hakuna ruhusa ya kuingia. Matia nilimweleza ukweli siku ya pili. Lakini habari ilikwishafika kwa Bi Habibah.

"Ukaguzi? Na mimi sijafagia!" akapiga kelele kwenye simu. "Marjan, fungua niingie, nifagie kwa mama."

"Haiwezekani, Bi Habibah. Ni amri ya mkaguzi."

"Mkaguzi nani? Hana jina?"

"Ni mtu wa Kampala."

"Basi mwambie Habibah binti Muhammed anakuja Jumamosi, na ufagio. Ataniambia vizuri kwa nini anakagua nyumba ya mama yangu na mimi siko."

Matia anasema hiyo si kitu, yunifomu yake ya magereza bado anayo, mama yule haoni vizuri, atasimama mlangoni kwangu na kutangaza kwamba nyumba imepita ukaguzi. Mimi nimeanza kuijenga upya kwa siri, lakini nimegundua sikumbuki kama ilikuwa na madirisha mawili au matatu, maana nyumba ile aliikumbuka yeye, mimi niliweka matofali tu. Nimruhusu Matia avae? Au nimwambie mama wa miaka themanini kwamba nyumba ya mama yake imebomolewa tena, na safari hii na mimi?

Marjan,
Bugembe

*

Mzee Marjan,

Barua yako nimeisoma mara moja tu, wala sikuirudia, ujifunze.

Nakuhurumia. Chombo kinachofuta mtaa wa watu bila hata kusema pole kimeundwa vibaya, na aliyekiunda angefungiwa chumba kimoja na mwongozo wake hadi afike ukurasa wa arobaini na moja. Kile kimya si kosa lako. Lakini mkaguzi ni wako.

Mvi zote hizo, na unajificha nyuma ya mtu wa Kampala! Mliondolewa pale mara moja na watu wenye amri. Leo wewe mwenyewe umesimama mlangoni ukimwambia Habibah hana ruhusa ya kuingia kwao. Matofali yanasameheka. Hilo ndilo la kuonea haya.

Matia arudishe yunifomu sandukuni. Jicho moja la Habibah linatosha kabisa kumtambua askari magereza.

Zima kompyuta sasa, kabla hujamaliza aya hii. Nimemuuliza Burhan, fundi wa kompyuta hapa Jinja, naye anasema mtaa wa zamani huenda bado umo ndani ya diski, na kila tofali unaloweka kwa siri linaweza kuukanyaga. Mpelekee mashine leo. Hakuahidi kitu, nami siahidi. Siku nyingine, kabla ya amri yoyote, nakili ulimwengu wote kwenye flashi, ichomoe, itie mfukoni. Taja jina la ulimwengu ndani ya amri. Bonyeza mara moja. Kisha inuka uchemshe chai, kwa sababu kimya cha chombo kile ndiyo salamu yake. Yaandike haya kwa herufi kubwa, uyabandike juu ya kioo.

Halafu mpigie Habibah. Jibu hili nimekutumia wewe kwanza, lakini ukurasa wa gazeti unatoka Alhamisi, nawe humtaki jirani amsomee. Sema: "Nimeufuta mtaa, nimekudanganya, naomba uje tujenge." Usiongeze neno. Akinyamaza, usirudie. Ujumbe umefika.

Jambo moja zaidi, na mwenyewe nitamwomba radhi kwa kulitoa. Miezi miwili iliyopita mama mmoja wa Nabuyonga aliniandikia. Rafiki yake amemjengea nyumba ya mama yake ndani ya kompyuta, nzuri sana, isipokuwa mlango wa jikoni ameuelekeza njiani, kama kanuni za kambi zilivyotaka. Mama yake aliukataa mlango huo. Aligombana na mkubwa wa kambi mwaka mzima, hadi akakubaliwa kuufungua upande wa mlima. Karibu miaka miwili binti anakaa kila Ijumaa katika jiko lisilo la mama yake, na ananyamaza asimuudhi rafiki. Aliniuliza afanyeje. Sikujua la kumjibu.

Sasa najua. Burhan akiupata mtaa, anzeni kwa kuubomoa mlango ule. Asipoupata, anzeni kwa kuujenga upande wa mlima. Habibah aseme, wewe uweke tofali, na madirisha mwulize yeye.

Mlango unaangalia Wanale, Mzee Marjan. Na ufagio mwache aje nao.

Mama Gorreti